Mkono Unaojua Pa Kuishia

Stadi ya tairi, ile bolti ya habu inayofungwa nati kushika rimu, ikikatika, lawama huiangukia barabara kwanza, kisha mzigo, kisha spea za bandia. Huku nyanda za kati lawama hiyo ina mashiko: kuna njia za vumbi za Chamwino na Mpwapwa, makorongo yanayochimbwa na mvua za Desemba hadi Aprili, na Fuso zinazopeleka mahindi soko la Kibaigwa zikiwa zimejaa hadi juu. Lakini lami nayo imekuja. Barabara ya Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa ilizinduliwa mwaka 2018, na stadi bado zinakatika. Hoja yangu ni kwamba nyingi huumizwa na mkono, siku ile tairi linapofungwa, na kwamba fundi anayejua pa kuishia anapokaza nati anastahili heshima kuliko tunayompa.

Kiokote kipande cha stadi iliyokatika ukigeuze juani, kitakueleza chenyewe. Mara nyingi uso wake una sehemu mbili. Moja ni laini na imefifia, ina mistari iliyopinda inayofuatana, pengine na kutu: hapo ufa ulikuwa ukitembea taratibu kwa muda mrefu. Nyingine inang'aa na ina chembechembe: ndiyo iliyobaki ikibeba kazi peke yake mpaka ikaachia. Ufa huo huzaliwa na ulegevu. Nati inapokazwa, stadi huvutika kidogo kama mpira wa manati, na mvuto huo ndio unaoibana rimu kwenye habu hadi msuguano wa chuma kwa chuma ubebe mzigo. Mbano ukipungua rimu huanza kucheza, na stadi hupindishwa huku na huku kila tairi linapozunguka. Tairi la gari dogo huzunguka karibu mara 500 kwa kilometa moja. Kutoka Dodoma hadi Morogoro tu ni zaidi ya mara 100,000.

Dereva atasema: basi kaza kwa nguvu zote. Hapo ndipo tunapopotea. Toyota nyingi ndogo, zile zenye stadi za milimita 12, zinataka nyutoni mita 103 hivi. Huo ni uzito wa kilo 35 kwenye ncha ya spana ya sentimita 30, kazi ya mkono wa mtu mmoja aliyesimama chini. Mtu wa kilo 70 anayepanda juu ya bomba la mita moja lililochomekwa kwenye spana anaweka zaidi ya mara sita ya hapo. Chuma kilichovutwa kupita mpaka wake hakirudi kilivyokuwa. Stadi hurefuka, nyuzi zake huachana, na pengine hukatika siku nyingine mikononi mwa fundi mwingine, ambaye ndiye atakayelaumiwa. Grisi kwenye nyuzi nayo ina mtego wake. Nia ya kuzuia kutu ni njema, ila kipimo hicho ni cha nyuzi kavu. Grisi ikipunguza msuguano, mkono uleule unaivuta stadi zaidi. Na utingo asiyejua kwamba Fuso nyingi za zamani zina nati za upande wa kushoto zinazofunguka kinyume, huzikata akidhani anazifungua.

Sasa mtazame fundi makini akibadilisha stadi. Anatoa tairi, kisha ngoma ya breki au diski, anazungusha habu hadi apate nafasi, anaigonga mbovu itoke kwa nyuma. Mpya anailinganisha meno yake na mitaro ya tundu, kisha anaivuta kwa washa na nati ya zamani mpaka kichwa kikae sawasawa. Haichomelei, kwa sababu moto huharibu ugumu wa chuma kilichopikwa kiwandani. Anazikagua na jirani zake, maana zilibeba mzigo wa iliyokatika. Anasugua habu na rimu kwa brashi ya waya, kwani vumbi na kutu vikibanwa katikati baadaye husagika na mbano hulegea. Nati anazianza kwa vidole, anazikaza kwa kupishana, kisha anaacha. Huko kuacha ndiko ufundi wenyewe, na hakuna mteja anayekuona.

Pingamizi zito ni la fedha: spana ya kupimia mkazo ni ghali kwa fundi wa chini ya mti. Ni kweli. Lakini gereji kadhaa za mtaa mmoja zinaweza kuchangia moja, na asiye nayo ana spana fupi na mkono wake, mradi bomba libaki kando. Nawe dereva, usimshurutishe akaze zaidi. Mlipe kwa muda alioutumia kusugua, na tairi likishafungwa Dodoma, simama Bahi au Kibaigwa, kulingana na uendako, uzikague nati zote kabla ya kuendelea.