Masanduku ya Vitabu Ukingoni mwa Mto Seine

Wasomaji wetu wengi wamekwisha sikia habari za Paris: mnara wake wa chuma, manukato yake, na kanisa kuu la Notre-Dame lililoungua tarehe 15 Aprili 2019, likafunguliwa tena mwezi wa Desemba 2024. Lakini wachache wameambiwa ya kuwa karibu na kanisa hilo pana duka la vitabu lisilo na dari wala mlango, nalo lina urefu wa kilometa tatu hivi. Ni masanduku ya rangi ya majani, yamefungwa juu ya ukuta wa mto Seine, ng'ambo hii na ng'ambo ile. Yapata masanduku 900, na wauzaji wao 230 hivi. Wafaransa huwaita mabukinisti, yaani wauza vitabu vikuukuu.

Tuliwatembelea siku nne, tulipokuwa tukirudi kutoka Lourdes pamoja na mahujaji wengine. Hapa hatutaki kusimulia safari. Magazeti yamejaa safari. Twataka kuipima kazi ya watu hao, na ya maduka mawili matatu yaliyo jirani nao, kama tunavyozoea kupima kitabu katika kurasa hizi: kipi chafaa na kipi hakifai.

Kwanza tuseme kazi yenyewe ni nini. Mtu aendaye kununua kitabu akijua jina lake hana haja ya bukinisti. Siku hizi aliandika jina hilo katika simu yake tu, na kitabu kitaletwa hata mlangoni. Bukinisti ni wa mtu asiyejua atakacho. Mtu huyo husimama, hutoa kitabu kimoja, hukifungua katikati, husoma mistari mitano, hukirudisha, hutoa cha pili. Huku ndiko kupekua. Watu wengi hudhani ni kupoteza wakati. Sisi twaona ni namna ya kusoma yenye faida yake, kwa maana simu hukupa ulichokiomba, na sanduku hukupa kile usichojua kukiomba. Basi sanduku jema ni lile linalopekulika. Hiyo ndiyo kanuni yetu, na kwa kanuni hiyo tutahukumu.

Wenye nguvu hawakupenda masanduku hayo tangu zamani. Mwaka 1649, wakati wa fitina kubwa juu ya Kardinali Mazarin, amri ilitoka kukataza kutandaza vitabu juu ya daraja liitwalo Pont Neuf, kwa sababu karatasi za kumtukana Kardinali ziliuzwa hapo. Baadaye yakaja Mapinduzi ya 1789. Mali ya Eklezya ikatwaliwa na serikali, na vitabu vingi vya monasteri na vya nyumba za wakuu vikatawanyika. Vingine viliingia katika maktaba za serikali, vingine vikaangukia mikononi mwa wauzaji. Si neno la kufurahisha kwa Mkristu, walakini ni kweli: biashara ya vitabu vikuukuu ya Paris ilinenepa kwa vitabu vya watawa waliofukuzwa.

Mwaka 1859 mji uliwapa wauzaji hao haki ya mahali, kila mtu na kipande chake cha ukuta. Lakini jioni ilipofika, sharti kila mmoja aondoe vitabu vyake vyote na kuvirudisha nyumbani, kesho yake avilete tena. Ruhusa ya kuacha masanduku ukutani usiku, yakiwa yamefungwa, ilipatikana mwaka 1891. Msomaji akumbuke miaka hii miwili, tutairudia.

Sheria ya leo si nzito. Muuzaji hupewa nafasi ya masanduku manne. Matatu yawe ya vitabu na karatasi za kale. La nne aweza kulitia vitu vingine vidogo. Halipi kodi ya mahali. Yampasa kufungua walau siku nne kwa juma. Na mwaka 2023, polisi ya mji ilipotaka kuyaondoa masanduku yapata 600 kwa ajili ya sherehe ya Michezo ya Olimpiki mtoni, wauzaji walikataa kwa nguvu, wakisema masanduku ya kale yatavunjika yakiguswa. Mwezi wa Februari 2024 rais wa Ufaransa aliamuru yaachwe. Sherehe ikafanyika tarehe 26 Julai, na masanduku yalikuwa pale pale.

Sasa hukumu. Mabukinisti wamelindwa na sheria, lakini wengine wao hawailindi kazi yao wenyewe. Lile sanduku la nne limeota miguu likaingia katika la tatu. Mtu apita hatua ishirini akiona vifunguo, sumaku, na minara midogo ya bati, ndipo aone kitabu. Twajua sababu: mgeni hununua mnara upesi, na muuzaji ana watoto wa kulisha. Hatutamrushia mawe. Neno linalotuudhi zaidi ni la pili: vitabu vingi vimefungwa katika karatasi ya plastiki. Wasema ni kwa ajili ya mvua na mikono michafu. Haya, mvua ipo. Lakini kitabu kilichofungwa hivyo chafanana na maiti katika sanda. Waona umbo, huoni uso. Muuzaji mmoja alitukemea tulipojaribu kufungua ganda. Tukamwuliza, "Bwana, tutajuaje kama chatufaa?" Akajibu kwamba bei imeandikwa juu yake.

Mwingine, mzee mwenye kofia ya sufu, alikuwa kinyume chake. Hakufunga kitu. Alisoma kitabu chake mwenyewe bila kutuangalia, na tulipomwuliza habari za kamusi moja ya Kilatini alitueleza chapa zake tatu na kutushauri tusiinunue ile, kwa kuwa kurasa za mwisho zilipotea. Hatukununua kitu. Lakini kwa mzee yule tuliona kazi hii jinsi inavyopaswa kuwa: ajue vyote, na asikusukume.

Jambo moja litamsumbua mtu aliyelelewa katika seminari kama sisi. Ukingoni hakuna mkuu wa nidhamu. Anatole France alikuwa mwana wa muuza vitabu wa ukingo ule ule, akakulia katikati ya vitabu vikuukuu. Mwaka 1921 alipewa tuzo la Nobel. Mwaka 1922 Roma ikatia vitabu vyake vyote katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Orodha hiyo ilikoma kuwa sheria mwaka 1966. Katika masanduku aweza kukaa ubavuni mwa maisha ya watakatifu, kwa bei moja. Wengine wangesema ni fujo. Sisi tungemwambia kijana: nenda, lakini nenda na akili yako. Asiyepata kamwe kuchagua kitabu peke yake, hata alichochaguliwa hatakisoma vema.

Maduka yenye milango tutayapita upesi. Ufaransa ina sheria ya mwaka 1981 inayoweka bei moja kwa kitabu kipya: duka kubwa na duka dogo huuza sawa, wala hakuna ruhusa ya kupunguza zaidi ya asilimia 5. Kwa hiyo duka dogo halimezwi kwa bei. Sheria hiyo haishiki vitabu vilivyokwisha tumika. Hivyo muuzaji hujikatia bei mwenyewe. Hata hivyo sheria peke yake haitoshi, kwa kuwa kodi ya nyumba hula zaidi. Maduka ya Gibert Jeune ya uwanja wa Saint-Michel, ambako wanafunzi wa vizazi vingi waliuza na kununua vitabu vya shule, yalifungwa mwaka 2021, na wengi waliyalilia.

Karibu hapo, mkabala wa Notre-Dame, lipo duka la vitabu vya Kiingereza liitwalo Shakespeare and Company. Jina hilo alilianzisha mama mmoja Mmarekani, Sylvia Beach, binti wa mchungaji wa Kiprotestanti, alipofungua duka lake la kwanza mwaka 1919. Aliazima watu vitabu, na mwaka 1922 alichapisha kitabu cha James Joyce ambacho wengine waliogopa kukichapisha. Duka lake lilifungwa mwaka 1941, wakati Wajerumani walipoutawala mji. Duka la leo ni la pili: George Whitman alilifungua mwaka 1951 kwa jina lingine, akalipa jina hili mwaka 1964. Aliwakaribisha vijana wasafiri walale kati ya makabati, kwa masharti yaliyotupendeza: wasome kitabu kila siku, wasaidie kazi za duka, waandike ukurasa mmoja wa maisha yao. Ni ukarimu wa kweli, na mtawa wa Mtakatifu Benedikto angeutambua. Lakini duka hilo sasa limeshindwa na sifa yake. Watu hupanga mstari nje ili waingie, na mahali penye msongamano hapapekuliki. Wengi watoka na mfuko wenye jina la duka. Si kosa la wenyewe. Hata hivyo kwa kanuni yetu tunalipa alama ya wastani.

Duka tulilopenda kupita yote halina mstari mlangoni. Lipo barabara ya rue des Écoles, namba 25 bis, mwendo mfupi kutoka mtoni. Ni duka la Présence Africaine. Alioune Diop wa Senegali, aliyezaliwa katika jamaa ya Waislamu akabatizwa alipokuwa mtu mzima, alianzisha gazeti la jina hilo mwaka 1947, na mwaka 1949 nyumba ya kutoa vitabu. Na kitabu ilichoanza nacho, msomaji wa Katanga ashangae, kilitoka kwetu: La philosophie bantoue cha Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyefika Kongo mwaka 1933 na kukaa kati ya Waluba. Chapa ya kwanza ya Kifaransa ilitoka mwaka 1945 Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Monsinyori de Hemptinne, mkuu wa misioni ya Katanga, hakupendezwa nacho hata kidogo. Padri alikuwa amesema kwamba Wabantu wana mawazo yao yenye mpango juu ya nguvu ya uzima, na kwamba aliyekuja kuwafundisha yampasa ayajifunze kwanza. Hivyo kitabu kilichopigwa vita mjini kwetu kilipata makao Paris, kwa Mwafrika.

Lakini tazameni ajabu ya kabati. Nyumba hiyo hiyo, mwaka 1955, ilitoa tena Discours sur le colonialisme cha Aimé Césaire wa Martinique, na ndani yake Césaire anampiga Padri Tempels bila huruma. Asema, kwa maneno yetu, kuwasifu Wabantu kwa ajili ya mawazo yao ni njia nyepesi ya kuepa kuwalipa mshahara wa haki. Sisi tumewaona wazee wa Jamaa, ile jumuiya iliyozaliwa kwa Padri Tempels, na tunajua upendo wake haukuwa hila. Tena hatuwezi kusema Césaire alikosa yote. Mtu akiagiza kitabu cha Tempels kwa simu, ataletewa Tempels. Akienda kupekua katika nyumba iliyotoa vyote viwili, aweza kurudi na ugomvi mzima mfukoni, na ugomvi huo watuhusu sisi kuliko Wafaransa.

Ndiyo maana inatuchoma kuona yanayotendeka kwetu. Chapa zilizotoka katika mitambo ya misioni zetu, sarufi, katekisimu, ngano za wazee, leo hutafutwa na wakusanyaji wa Ulaya. Huku nyumbani tulinunua karanga sokoni, na karatasi iliyosokotwa kuzitia ilikuwa ukurasa wa kamusi ya lugha yetu, kuanzia neno la maji hadi neno la mama. Tulimwuliza mama aliyeuza. Alikuwa ameuziwa vitabu kwa kilo, kutoka ghala ya nyumba moja ya watawa iliyokuwa ikisafishwa.

Na mabukinisti tunao. Wako kando ya barabara, vitabu vimetandazwa juu ya turubai: vitabu vya shule, riwaya, Biblia, na vingine vyenye mihuri ya maktaba za Ubelgiji. Kwa kanuni tuliyoiweka, twawapa alama kubwa kuliko nusu ya wale wa Paris. Hawafungi kitu kwa plastiki. Mwanafunzi asiye na franka huchutama, husoma sura nzima, na muuzaji humwacha. Mmoja wao alitutafutia sarufi ya zamani kwa miezi miwili, asidai kitu mbele. Wanachokosa ni kile Paris ilichotoa mwaka 1859, yaani haki ya mahali: polisi wakipita, turubai hukunjwa, na vitabu vyatumbukia mtaroni. Wanakosa pia kile cha 1891. Saa kumi na mbili jioni hutia vitabu katika magunia, hufunga magunia juu ya baiskeli, na kuyapeleka nyumbani. Asubuhi huyarudisha, isipokuwa siku za mvua.