Kujitegemea kwa Nani? Kuisoma "Dunia Uwanja wa Fujo" Tukiwa Masaka

Wanafunzi wanapoisoma riwaya ya marehemu Euphrase Kezilahabi, Dunia Uwanja wa Fujo (1975), hukimbilia mambo mawili: falsafa iliyomo katika jina la kitabu, na mauaji ya mwishoni. Katika makala haya tunakusudia kukaa na sehemu ambayo madaftari mengi huipita kwa sentensi moja, yaani mtu aliyefuja mali kurudi kwenye kazi na kuanza upya. Tunalileta suala hili kwa sababu tunaisoma riwaya tukiwa Masaka, pembezoni mwa Kigali katika wilaya ya Kicukiro, ambako kuanza upya si dhamira ya mtihani tu.

Kisa chenyewe kinajulikana. Tumaini, kijana wa Ukerewe, anarithi mali na kuitapanya kwa anasa. Baadaye anatulia, anamwoa Anastasia, anakuwa mkulima mwenye mashamba makubwa. Siasa ya Ujamaa inapoyafikia mashamba hayo, anamuua kiongozi wa serikali naye anahukumiwa kufa. Ni vigumu kulisoma tukio hilo bila kumkumbuka Dkt. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliyepigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi huko Isimani tarehe 25 Desemba 1971. Lakini kumbukumbu hiyo ikitawala darasa, riwaya inageuka kuwa taarifa ya habari, na Tumaini anabaki kidole kilichovuta risasi.

Sisi tunaona kwamba mgogoro wa riwaya umo ndani ya neno moja: kujitegemea. Hiyo "-ji-" inamrejelea nani? Katika Azimio la Arusha la Februari 1967, mtenda na mtendwa ni taifa. Azimio lilitaja mambo manne yanayohitajika ili kuendelea: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haikuwekwa kuwa msingi. Tumaini anayo ardhi, na watu anao, maana mashamba makubwa hayalimwi kwa mikono miwili. Kwa macho yake mwenyewe anajitegemea. Kwa macho ya Azimio anawategemea wengine, tena kwa jasho lao. Kezilahabi hatupi upande wa kuegemea kwa raha, na hapo ndipo tunapomvulia kofia. Anayesema mwandishi huyu aliupinga Ujamaa tu, au aliuunga mkono tu, amesoma nusu ya kitabu.

Kinyarwanda kina neno linalofanana na hili: kwigira. Ile "-i-" yake hufanya kazi ya "-ji-" yetu. (Walimu wa hapa wasiichanganye na kwiga, ambayo kwa Kinyarwanda ni kusoma, mwanafunzi akiandika kwamba "anaiga chuo kikuu" msomaji wa Kiswahili atauliza anakiigiza vipi.) Neno kwigira lilisikika sana baada ya wafadhili kadhaa kuzuia misaada yao mwaka 2012, na Rwanda ikaanzisha Mfuko wa Agaciro mwezi Agosti mwaka huohuo. Hapo pia anayejitegemea ni taifa.

Shida huanza neno la taifa linapoteremka jikoni. Mwezi Machi 2020 Rwanda ilipotangaza watu wabaki majumbani kwa ajili ya UVIKO-19, na tena Kigali ilipofungwa Januari 2021, aliyeishi kwa kibarua cha siku alikosa kibarua na siku yenyewe. Katika hali kama hiyo bustani ya nyumbani, akarima k'igikoni, huwa na maana nyingine. Ni tuta la mviringo lililoinuliwa kwa mawe, ngazi juu ya ngazi, likipandwa mboga za majani na kumwagiliwa maji yaliyotumika jikoni. Eneo ni dogo, mboga ni ya kila siku. Je, huku ni kujitegemea? Kiswahili kina maneno mengine yaliyo karibu zaidi: kubana matumizi, kufunga mkanda, kujikimu, kubangaiza. Hayalingani. Anayebana matumizi bado ana cha kubana. Anayebangaiza hana hata hicho. Mhakiki anayeyafunika yote kwa kujitegemea anaivika dhiki nguo za sherehe.

Kuna swali jingine ambalo Masaka inaliuliza kwa ukali kuliko Shinyanga ya Tumaini. Masaka ilikuwa mashamba. Sasa jiji linaijia, nyumba zinaota palipoota maharage. Mwenye kiwanja hupata pa kuweka tuta. Mpangaji wa chumba kimoja akiishiwa, anarudi kwenye udongo wa nani? Wahakiki wa riwaya za miaka ya 1970 wamezoea kuandika kwamba mhusika "anarudi shambani" kana kwamba shamba lilikuwa limekaa likimsubiri.

Kwa hiyo tunapendekeza riwaya hii isomwe sambamba na Shida ya Ndyanao Balisidya, iliyotoka mwaka huohuo wa 1975, yenye vijana wanaokimbilia mjini na kukutana na taabu. Na tungefurahi kuona tasnifu moja inayomchambua Anastasia, si kama mke aliyemtuliza Tumaini, bali kama mtu aliyekuwa ndani ya hesabu za nyumba hiyo: nani alipanga kilichopikwa, kilichouzwa na kilichowekwa akiba. Wanafunzi wetu wa kike ndio waliotutangulia kuliuliza hilo.