Mtukutiko si Mpapatiko: Tahakiki ya Istilahi za Moyo

Vyuo vikuu vya Ulaya vinapofunga mwaka wa masomo, huwa na desturi ya kuandaa mafunzo mafupi ambayo huwakutanisha wahandisi, wanahisabati na matabibu juu ya jambo moja. Miongoni mwa mambo yaliyoshughulikiwa hivyo katika miaka ya karibuni ni yale maradhi ambayo vyumba vya juu vya moyo huacha kupiga kwa pamoja na kubaki vikitetema ovyo. Mradi wa MY-ATRIA, uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya, uliwalea watafiti vijana katika fani hiyo hiyo ya kuukabili moyo kwa kompyuta. Mtu akiombwa leo kukiandika kichwa cha mafunzo ya aina hiyo kwa Kiswahili, pengine ataandika hivi: "Shule ya kiangazi ya modeli na uchakataji wa ishara kwa ajili ya mpapatiko wa atria."

Kwa mtazamo wa haraka kichwa hicho hakina dosari. Kila neno lake ama ni la Kiswahili ama limevaa mavazi ya Kiswahili. Sisi tunaona kina makosa manne, na moja kati ya hayo laweza kumfikia mgonjwa kitandani.

Tuanze na yaliyo mepesi. "Kiangazi" cha Ulaya huangukia Juni hadi Agosti, wakati ambapo pwani yetu imo katika kipupwe na watu wa nyanda za juu wanajifunika mablanketi. Msomaji wa Mbeya akiambiwa shule ya kiangazi itaanza Julai atadhani mpiga chapa amekosea. Tena wanaohudhuria si wanafunzi wa shule, bali ni watu waliokwisha kupata digrii moja au mbili. Kinachotambulisha mafunzo hayo si jua. Ni kwamba hufanyika wakati wa mapumziko ya vyuo. Basi yaitwe "mafunzo ya likizo", yatasomeka sawasawa Dodoma na Milano.

Kosa la pili ni "kwa ajili ya". Maneno haya humtaja mwenye kufaidika: chakula kwa ajili ya wageni, dua kwa ajili ya marehemu. Uchakataji "kwa ajili ya mpapatiko" maana yake ni kwamba maradhi ndiyo yanayohudumiwa. Ni ugonjwa wa tafsiri za sisisi, nao umeenea hata katika barua za maofisini. "Katika" au "kuhusu" lingetosha.

"Modeli" tunaliunga mkono. Wapo wanaopendelea "kielelezo", lakini neno hilo limekwisha kuajiriwa na walimu kwa maana ya mchoro wa kufundishia na na mahakimu kwa maana ya kitu kinacholetwa kama ushahidi. Wengine wamependekeza "kiigizo", na hapo tunaingia katika maadili na jukwaa la tamthilia. Modeli ya moyo ni kitu kingine kabisa. Mwaka 1964 Gordon Moe na wenzake, nchini Marekani, walitangaza modeli ya kompyuta ya maradhi haya tunayoyazungumzia. Ndani yake palikuwa na vipande vingi vilivyopangwa kama tishu ya moyo, kila kimoja kikipokea msisimko kutoka kwa jirani, kikiupitisha, kisha kikipumzika kwa muda usiolingana na wa mwenziwe. Wakaona mawimbi yanavunjika, yanazungukana na kuendelea bila kuhitaji chanzo kimoja cha kuyachochea. Hakuna aliyeigiza wala kuonyesha picha. Walitunga kanuni, wakaiacha ifanye kazi. Kwa maana mpya namna hiyo, neno la kukopa ni halali, na kitenzi chake kiwe "kuunda modeli".

"Uchakataji" nalo tunalisifu, na hapa tutakawia kidogo. Wako wanaolilaumu kwamba ni neno la viwandani lililoletwa kwa nguvu katika mambo ya kompyuta. Lakini watu wa Tanga wanajua maana ya kuchakata mkonge. Jani la mkonge hupitishwa katika mashine, nyama na maji yake vikakwanguliwa, zikabaki nyuzi, ambazo ni sehemu ndogo mno ya uzito wa jani. Sasa tutazame kazi ya wahandisi wa moyo. Mchoro wa umeme wa moyo unaochukuliwa kifuani hutawaliwa na vyumba vya chini, yaani ventrikali, kwa sababu misuli yake ni minene. Umeme wa vyumba vya juu ni dhaifu mara kadhaa, nao hufunikwa. Ili kuusoma, hapana budi kwanza kulitambua kila pigo la ventrikali, kulitengenezea umbo la wastani na kuliondoa katika mchoro. Kinachosalia ni vijiwimbi vyembamba, ambavyo hupimwa vinajirudia mara ngapi kwa sekunde. Kwa kawaida ni kati ya mara 4 na 9 hivi. Kuondoa nyama ili uzi uonekane: tungetafuta wapi neno linalofaa zaidi? "Usindikaji" ni wa mafuta na matunda, na ubaki huko huko.

Kinachochakatwa ndicho chenye kasoro. Katika hospitali "ishara" na "dalili" ni maneno pacha: dalili ni kile anachokilalamikia mgonjwa, ishara ni kile anachokiona tabibu. Tabibu akisoma "uchakataji wa ishara" atafikiri ni namna ya kupanga homa, uvimbe na umanjano wa macho. Hatusemi neno litupwe. Tunasema lisitembee peke yake. "Ishara za umeme" yatosha kumwondolea mashaka.

Tumefika kwenye moyo wenyewe. "Atria" ni Kilatini, jina la ukumbi wa katikati wa nyumba ya Kirumi, wenye uwazi katika paa lake. Kwa tafsiri ya neno kwa neno tungesema "behewa", kwa kuwa behewa ndiyo ile nafasi ya ndani katika nyumba za mawe za pwani. Lakini tangu reli ilipoingia behewa limepanda treni, na mgonjwa akiambiwa behewa lake la kushoto ni bovu, atauliza fundi wa gereji yuko wapi. Waingereza wenyewe walikuwa wakitumia jina la "kijisikio" kabla ya kuliacha, na Kiarabu mpaka leo chaita chumba hicho kwa jina hilo la sikio. Atria basi na ibaki.

Kosa kubwa ni "mpapatiko".

Moyo una matatizo mawili yanayokaribiana, na vitabu vya tiba huyatenga kwa uangalifu. Katika la kwanza, umeme huzunguka ndani ya atria kwa njia moja isiyobadilika, kiasi cha mara 300 kwa dakika, kwa mpango, na mchoro wake hufanana na meno ya msumeno. Katika la pili hakuna njia moja wala mpango. Nyuzi za misuli husisimka kila kundi kivyake, mara 350 hadi 600 kwa dakika, na atria yote haisukumi damu, hutetema tu. Ventrikali nazo hupokea amri zisizolingana, na mapigo mkononi huja bila taratibu. Matibabu ya hayo mawili hayafanani. Kwa wengi wenye tatizo la kwanza, kuichoma sehemu moja inayojulikana ndani ya atria ya kulia huikata njia ya mzunguko. Kwa la pili, Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux walionyesha mwaka 1998 kwamba vichochezi vingi hutoka katika vena za mapafu, upande wa kushoto.

Sasa, ndege hupapatika vipi? Hupiga mbawa upesi upesi, lakini mbawa mbili kwa pamoja, kwa mpigo unaohesabika. Hilo ni tatizo la kwanza, si la pili. Tukilitumia neno "mpapatiko" kwa la pili, la kwanza tutalikosesha jina, au yote mawili yatakaa chini ya jina moja, na muuguzi anayepokea maelezo kwa simu hatajua ni lipi.

Kwa la pili tunapendekeza "mtukutiko". Kutukutika ni kutotulia, ni kusukasuka bila kutii, na kila mzazi anamjua mtoto mtukutu. Darasa lenye watoto arobaini watukutu lina harakati nyingi sana na kazi haiendi: ndiyo hali ya atria hiyo. "Mtetemo" tunaukataa kwa sababu fizikia imekwisha kuumiliki, na "mtetemeko" ni wa ardhi na wa homa.

Jina la chumba nalo lisiachwe kamwe. Mtukutiko wa ventrikali huua kwa dakika chache asipopatikana mtu wa kuushtua moyo kwa umeme. Mtukutiko wa atria mtu huweza kuishi nao miaka mingi. Anayeandika "mtukutiko wa moyo" tu ameviweka kifo na maradhi ya kudumu katika chupa moja.

Huenda msomaji akasema kwamba maneno hushinda kwa matumizi, si kwa hoja, na akatukumbusha jinsi "ngamizi" na "tarakilishi" zilivyoshindwa na "kompyuta". Ni kweli. Ila "kompyuta" ilikuwa imekwisha kuingia midomoni mwa watu. Istilahi hii ingali mikononi mwa wachache, na nafasi ya kuirekebisha ipo.

Tena "mpapatiko" una hatari nyingine. Kwa msemaji wa kawaida, moyo unaopapatika ni moyo wenye hofu au mapenzi. Mgonjwa akiambiwa hivyo atajibu kwamba hofu imekwisha, atakwenda zake. Naye yumo hatarini. Utafiti wa Framingham, Marekani, ulionyesha mwaka 1978 kwamba maradhi haya huzidisha kiharusi zaidi ya mara 5, na kwa wale ambao vali za moyo wao zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, mara 17. Ugonjwa huo wa vali ungalipo kwetu, nao huwapata hata vijana. Damu iliyotuama katika atria huganda, bonge likasafiri hadi kwenye ubongo.

Kinga yao ni dawa, na hapo pia lugha imelegea. Warfarini huitwa "dawa ya kuyeyusha damu" au "ya kufanya damu nyepesi". Haiyeyushi kitu, na mtu aliyezoea kusikia kwamba damu nyepesi ni upungufu wa damu ataiogopa. Iitwe "dawa ya kuzuia damu isigande". Jambo si dogo: uchunguzi wa INVICTUS, uliotangazwa mwaka 2022 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini wenye maradhi hayo ya vali pamoja na mtukutiko wa atria, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa dawa mpya ya rivaroksabani. Nayo warfarini humtaka mgonjwa arudi kupimwa damu mara kwa mara, mwaka hadi mwaka.

Kichwa chetu basi kingesomeka: "Mafunzo ya likizo kuhusu uundaji wa modeli na uchakataji wa ishara za umeme katika mtukutiko wa atria." Ni kirefu kuliko kile cha awali. Mhariri mwenye nafasi finyu anaweza kuiondoa likizo, atria asiiguse.