Steringi na Mchekeshaji Ndani ya Treni Moja

Upo mtindo wa kuzigawa picha za Hollywood mafungu mawili. Kuna vichekesho vikongwe, ambavyo mtu anaweza kuvitaja kwenye semina bila aibu. Halafu kuna picha za mapigano, ambazo eti ni za kuangalia usiku, mhadhiri akiwa hayupo. Mimi nazipenda zote, wala sina nafsi mbili. Ninachodai ni kwamba kwa upande wa fani, picha hizi ni ndugu wa tumbo moja.

Hebu tutazame The General ya Buster Keaton (1926) na Speed ya Jan de Bont (1994). Katika ya kwanza, dereva wa treni Johnnie Gray anakifukuzia kichwa cha treni yake kilichoibwa. Maadui wanaangusha mataruma relini. Johnnie amekaa mbele kabisa ya injini, taruma moja zito amelipakata, na la pili limelala mbele yake. Analirusha la kwanza juu ya ncha ya la pili, yote mawili yanaruka pembeni, treni inapita. Tunacheka. Lakini jamani, tunacheka nini? Angekosea kidogo tu, treni ingeacha reli naye akiwa mbele yake.

Katika Speed, basi limetegwa bomu litakalolipuka mwendo ukishuka chini ya maili 50 kwa saa. Dereva anapigwa risasi. Anayeshika usukani ni Annie, abiria ambaye amepanda basi kwa sababu amenyang'anywa leseni kwa kosa la mwendo kasi! Hiki ni kichekesho kitupu kilichovaa nguo za taharuki.

Tofauti iko katika ujenzi wa wahusika. Keaton hatabasamu hata mara moja. Hajijui kuwa ni shujaa. Steringi wa picha nyingi za mapigano anajijua mno, na hapo ndipo ananichosha. Die Hard (1988) inaponea hapa: McClane hana viatu, anakanyaga vioo, analalamika peke yake kama mtu aliyekosa basi la mwisho.

Tukija kwenye maudhui, mambo si mepesi. The General imetokana na tukio la kweli la Aprili 1862 huko Georgia, ambapo watu wa jeshi la Kaskazini waliiba kichwa hicho cha treni. Wanane kati yao walinyongwa. Keaton amegeuza kibao: shujaa wake ni mtu wa Kusini, upande uliopigana ili utumwa ubaki. Watumwa wenyewe karibu hawaonekani. Na mimi nimekaa pale nacheka, naomba treni ya Johnnie iwahi! Kasi hainipi nafasi ya kuuliza inawahi kwa nani. Wanaosema vichekesho vikongwe ni burudani safi watujibu hapo kwanza.

Speed nayo haisalimiki. Adui wake ni askari mstaafu aliyejeruhiwa kazini, akaagwa kwa saa ya bei rahisi. Malalamiko yake yanapita kama kituo ambacho basi halisimami. Mwishoni kichwa chake kinakatika juu ya treni, na steringi anatoa mzaha kuhusu kichwa hicho. Nilicheka hapo pia.