Ushahidi kwa Kiswahili, Blogu kwa Kiingereza

Serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tarehe 30 Desemba 2007, Wakenya wengi wa mtandaoni walikimbilia Kenyan Pundit, blogu ya Ory Okolloh. Huyu ndiye mwanasheria aliyeanzisha Mzalendo na Conrad Akunga ili kuwamulika wabunge. Mchambuzi mkali, ndiyo, lakini kazi yake bora ilikuja aliponyamaza kidogo akawaachia wasomaji waseme nini kinawaka wapi. Hapo ndipo lilipotoka wazo la Ushahidi, ramani ya ghasia iliyoanza Januari 2008, kabla hata Nakuru na Naivasha hazijawaka mwishoni mwa mwezi.

Sasa tuambiane ukweli. Jina lilikuwa Kiswahili, blogu ilikuwa Kiingereza. Waliohama Kaptembwa usiku na magodoro kichwani wangesimulia yao kwa Kiswahili, Kikuyu, Kikalenjin au Kijaluo. Blogu ilisikia zaidi wenye intaneti na Kiingereza safi.

Leo karibu kila kijana wa Nakuru ana simu na maoni. Kubishana tunajua. Okolloh alituonyesha kwamba kuna wakati mchambuzi anafaa kumpisha shahidi. Sisi tumpishe, na kwa lugha yake.