Maji ya Mikono na Maji ya Vyombo: Lugha ya Miongozo ya Usalama wa Maabara Mjini Goma

Miongozo ya usalama wa maabara haijazoea kuhakikiwa na wanafunzi wa lugha. Huhesabiwa kuwa mali ya wakemia na waganga, na mtaalamu wa Kiswahili huitwa mwishoni, kazi ikiwa imekwisha, ili aitafsiri. Makala haya yanadai kwamba utaratibu huo una hatari, na kwamba hatari yenyewe huanza katika lugha kabla ya kufika katika chupa. Mfano unaotumika ni Goma, mji mkuu wa jimbo la Kivu Kaskazini, pamoja na Kiswahili kinachosemwa katika mitaa yake kama Mapendo.

Mfano wa kwanza ni klorini. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliua watu 2,287 mashariki mwa Kongo, na mgonjwa wa kwanza aligunduliwa Goma Julai 2019. Katika kazi ya namna hiyo hutumika maji ya klorini ya aina mbili: ya asilimia 0.05 kwa kuoshea mikono, na ya asilimia 0.5 kwa kusafishia meza, vyombo na mahali palipomwagika damu. Kwa mkemia, tofauti ni mara kumi. Kwa anayesomewa maagizo kwa sauti, tofauti ni sifuri moja, tena katika mji ambao shule, kwa kufuata Kifaransa, huandika mkato mahali pa nukta. Akikosea upande mmoja, ngozi huungua. Akikosea upande wa pili, kirusi hubaki mezani. Kuyaita yote mawili "maji ya klorini", au "javel" kama wasemavyo wenyeji, ni kumwachia msikilizaji mzigo ambao mwandishi alipaswa kuubeba. Kiswahili kina njia nyepesi: kukiita kitu kwa kazi yake. "Maji ya mikono" na "maji ya vyombo" ni majina yasiyochanganyika, na tarakimu zikabaki kwa yule anayeyatengeneza.

Mfano wa pili unahusu sarufi. Sentensi "Changanya asidi na maji" ni fasaha, lakini inaweza kumpofusha mtu. Kiunganishi "na" hakisemi kipi kitangulie. Maji yakimiminwa juu ya asidi kali ya salfuri, joto hupanda ghafla, nayo maji huchemka na kurusha asidi usoni. Mwongozo unaofaa husema: "Tia maji kwanza. Kisha mimina asidi ndani ya maji, polepole." Sentensi ni fupi, vitenzi viko katika hali ya kuamuru, na mpangilio wa maneno unafuata mpangilio wa mikono. Kinyume chake ni ile mitindo ya kiofisi, kama "uchanganyaji wa asidi ufanyike kwa uangalifu unaostahiki", ambayo humsifu mwandishi bila kumlinda msomaji.

Mfano wa tatu ni neno "dawa". Kiswahili huliweka katika dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya panya na dawa ya kuua vijidudu. Katika maabara, upana huo ni mtego. Chupa iliyoandikwa "dawa" humwambia mfagiaji kwamba kilichomo huponya. Panapohusika sumu, neno "sumu" litumike pasipo haya.

Wapo watakaopinga kwamba mafundi wa maabara wa Goma wamesoma Kifaransa, na kwa hiyo mwongozo wa Kifaransa unatosha. Hoja hiyo inamsahau anayeosha vyombo, anayechoma taka, anayeleta sampuli kwa pikipiki na anayelinda lango usiku. Wengine watasema istilahi zipo tayari, na watataja Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Kazi hiyo inastahili heshima yake. Hata hivyo mlango wake ni Kiingereza, ilhali fundi wa Goma aliingia sayansini kwa mlango wa Kifaransa. Zaidi ya hayo, orodha ya istilahi haimfundishi mtu kutunga onyo.

Wala haidaiwi hapa kwamba mwongozo uandikwe kwa lahaja ya mtaani, ambamo kiambishi "ba-" hushika nafasi ya "wa-" na "bi-" nafasi ya "vi-". Inatosha kuandika Kiswahili sanifu chenye sentensi fupi na maneno ya kawaida, kisha kusomewa watu wa Mapendo na kurekebishwa pale wanaposita. Toleo la nne la mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu usalama wa maabara, la mwaka 2020, linataka kila maabara ipime hatari zake yenyewe. Kupima hatari bila kupima lugha ni nusu ya kazi.

Wenyeji wa Goma hawahitaji kufundishwa kutunga onyo. Mabondeni karibu na mji hutuama gesi ya kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa, isiyo rangi wala harufu, na huua watu na mifugo. Wenyeji huiita mazuku. Msomaji wa pwani huenda asilitambue neno hilo, lakini wanasayansi wa volkano wameliazima na kulitumia katika maandishi yao ya Kiingereza na Kifaransa. Hapo mtaa ndio uliokifundisha chuo: neno moja limebeba mahali, hatari na katazo.

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilieleza wasiwasi wake juu ya maabara ya taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, inamohifadhiwa vimelea hatari, vikiwamo vya Ebola, endapo umeme ungekatika. Siku kama hiyo huonyesha mwongozo huandikiwa nani. Wataalamu wanaweza kuwa wamezuiwa na risasi, na aliyebaki mlangoni akawa mlinzi. Karatasi iliyobandikwa ukutani ama itasema naye, ama itanyamaza.