Sikio la Bunia na Hukumu ya Kompyuta: Uhakiki wa Mazoezi ya Kusikiliza Kiswahili

Zoezi la kusikiliza ni aina ya matini. Lina msemaji, lina msikilizaji aliyekusudiwa, na lina hukumu. Linapotungwa kwa programu ya kompyuta, hukumu hiyo hutolewa papo hapo, mwalimu hayupo na mwanafunzi hana nafasi ya kujieleza. Kwa sababu hiyo linastahili kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote. Makala haya yanachunguza namna mazoezi ya aina hiyo yanavyotungwa katika Kiswahili, na yanamweka katikati ya mjadala msikilizaji ambaye watunzi aghalabu hawamfikirii: mwanafunzi wa mtaa wa Lumumba, mjini Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Dai la msingi ni kwamba zoezi lenye jibu moja tu huweza kumhukumu msikilizaji kwa mahali alipokulia, hali linadai kupima alichofahamu.

Vyombo vyenyewe si vigeni. Programu ya Hot Potatoes ilitungwa katika Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, katika miaka ya 1990. Baadaye zilifuata nyingine, kama vile Articulate Storyline ya Marekani na H5P iliyoanzia Norway. Utaratibu wake unafanana. Mtunzi hurekodi sauti, hulipachika faili lake kwenye ukurasa, huandika swali, huorodhesha majibu, huteua lililo sahihi, kisha huandika maelezo yatakayojitokeza mwanafunzi akikosea. Zoezi likikamilika huweza kuhifadhiwa katika flashi na kufunguliwa katika kompyuta isiyo na intaneti. Kwa shule za mji kama Bunia, faida hiyo si ndogo. Hata hivyo, chombo huzeeka. Mazoezi mengi yaliyotegemea teknolojia ya Adobe Flash hayakufunguka tena katika vivinjari vya kawaida baada ya kampuni hiyo kusitisha huduma yake tarehe 31 Desemba 2020. Lakini udhaifu unaojadiliwa hapa hautokani na kuzeeka kwa chombo. Unatokana na uteuzi wa jibu sahihi.

Na ichukuliwe mifano mitatu ya maswali. Katika swali la kwanza, sauti inasema kwamba mkutano utaanza saa mbili, na mwanafunzi anatakiwa kuteua picha moja kati ya picha nne za saa. Mtunzi aliyezoea Kiswahili cha Dar es Salaam au Zanzibar huteua picha ya 8:00. Picha ya 2:00 huiweka makusudi ili kumnasa mgeni anayejifunza lugha. Lakini mashariki ya Kongo wasemaji wengi, kwa kuathiriwa na Kifaransa, huhesabu saa kwa mtindo wa Kizungu, na kwao saa mbili ni 2:00. Mtego uliotegwa kwa ajili ya mgeni unamnasa mwenyeji.

Swali la pili ni la imla. Sauti inatamka neno "mtoto", nayo kompyuta inasubiri herufi zilezile. Mwanafunzi wa Lumumba anaandika "mutoto", kwani ndivyo neno hilo linavyotamkwa kwao. Kompyuta inampa alama ya kosa. Hapana shaka kwamba neno limemfika na maana yake ameipata; asichokijua ni tahajia sanifu.

Swali la tatu ni la kujaza pengo. Sauti inasema "vitabu vyangu vimepotea", na mwanafunzi anaandika "vitabu yangu", kwa kuwa upatanisho wa ngeli umepungua sana katika Kiswahili cha Kongo. Hapa hali ni tofauti kidogo. Mtunzi akitaka kupima upatanisho sanifu, ana haki ya kuliita jibu hilo kosa. Ila itambulikane kwamba anapima sarufi, wala hapimi ufahamu wa kusikiliza.

Inadhihirika basi kwamba maswali hayo matatu yanafichua mambo matatu: tofauti ya matumizi, tofauti ya tahajia na tofauti ya sarufi. Katika jedwali la alama, hata hivyo, yote yanakuwa kitu kimoja, yaani 0 kati ya 3. Mwalimu atakayelisoma jedwali hilo atahitimisha kwamba mwanafunzi hasikii Kiswahili, ilhali ameelewa kila sentensi aliyosikilizishwa.

Chanzo cha hali hii ni cha kihistoria. Lahaja ya Kiunguja iliteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 iliziunganisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwamo. Huko lugha iliendelea kukua kwa njia zake. Mjini Bunia inawaunganisha wasemaji wa Kihema, Kilendu, Kialur, Kibira na lugha nyinginezo, ambazo hata ukoo wao si mmoja. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Msemaji wa Lumumba si mgeni katika lugha hii, wala hana sababu ya kupimwa kama mgeni.

Watetezi wa jibu moja watasema kwamba shule hufundisha lugha sanifu, na kwamba kompyuta haiwezi kusahihisha bila mwongozo ulio wazi. Hoja ya kwanza ina uzito. Mwanafunzi wa Bunia anakihitaji Kiswahili sanifu, hasa baada ya nchi yake kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kinachodaiwa hapa ni kwamba zoezi litaje waziwazi linachokipima. Hoja ya pili haina msingi wa kiufundi. Hot Potatoes humruhusu mtunzi kuorodhesha majibu kadhaa yanayokubalika kwa swali moja, na kuandika maelezo tofauti kwa kila jibu. Chombo kinaruhusu; anayezuia ni mtunzi.

Kuna jaribio jepesi linaloweza kuthibitisha hoja hii: mazungumzo ya sokoni Bunia yarekodiwe, yatungiwe maswali, kisha wapewe wanafunzi wa chuo kikuu cha pwani. Yamkini wengi wao watatatizwa na "masomo" lenye maana ya shule, au na udogo unaoonyeshwa kwa ka- na tu-. Msikilizaji wa Bunia amezoea zaidi kuvuka mipaka ya namna hiyo. Ana Redio Candip, iliyofungamana na chuo cha ualimu cha mjini humo, na Redio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na wakfu wa Hirondelle wa Uswisi, ambayo hutangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa. Uwezo huo wa kusikia Kiswahili zaidi ya kimoja hauonekani popote katika alama zake.

Suala hili halikomei darasani. Kesi ya Thomas Lubanga kuhusu vita vya Ituri ilianza kusikilizwa tarehe 26 Januari 2009 katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mjini The Hague, na hukumu ilitolewa tarehe 14 Machi 2012. Miongoni mwa mashahidi walikuwamo waliozungumza Kiswahili cha kwao. Mkalimani aliyefunzwa kwa mazoezi ya sauti moja na jibu moja angeweza kuisikia saa iliyotajwa na shahidi akaitafsiri kwa kupishana saa sita na ile aliyoikusudia, na hakuna kompyuta ambayo ingemwashia alama ya kosa.

Kwa hiyo mtunzi anapaswa kufanya mambo matatu kabla ya kuteua jibu. Kwanza, atenge alama za ufahamu na alama za usanifu. Pili, arekodi sauti za zaidi ya sehemu moja, za Bunia zikiwamo, na kumwambia msikilizaji sauti hiyo ni ya wapi. Tatu, maelezo yanayofuata kosa yamfundishe mwanafunzi badala ya kumfukuza. Katika swali la saa, anayeteua 2:00 asionyeshwe alama nyekundu peke yake. Aelezwe kwamba msemaji aliyesikika ni wa Zanzibar, kwamba huko saa huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na kwamba mkutano huo utaanza saa ambayo huko kwao Lumumba huitwa saa nane.